Mkwara wa poka hauanzi kwenye karata ya mwisho

Wanafunzi wangu wakishazijua kanuni za poka, swali linalofuata huwa lile lile: "Nifanyeje ili uso wangu usinisaliti nikipiga mkwara, yaani nikijifanya nina karata kali nisizokuwa nazo?" Wameona picha za watu waliovaa miwani myeusi na kofia zilizoshushwa hadi kwenye nyusi, wakadhani siri iko hapo. Huwa nawaambia uso tuuweke kando kwanza. Januari 2017, kwenye kasino moja mjini Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, kazi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migao 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wanaoishi kwa poka, ikawaacha wote wanne na hasara. Libratus haina macho wala jasho, na mikwara ilipiga kweli kweli. Kilichowasumbua wale mabwana ni dau lenyewe: limewekwa lini, ni la kiasi gani, na linaingiliana vipi na madau yaliyotangulia.

Mkwara ni hadithi unayoisimulia kwa madau. Kama sura ya mwisho haiendani na ya kwanza, msikilizaji anakukamata.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni wa Las Vegas mwaka 2003, kwenye mashindano makuu ya dunia ya poka. Waliingia watu 839, wakabaki wawili: Sam Farha, mchezaji mzoefu mzaliwa wa Lebanoni, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyeipata nafasi yake kwa kushinda shindano dogo la kwenye intaneti. (Moneymaker ni jina lake halisi la ukoo.) Kwa asiyeijua aina hii ya poka: kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila zikifunuliwa, watu wanaweka dau au wanapita, yaani wanabaki bila kuweka kitu. Dau likishawekwa, mwenzako analifuata kwa kuweka kiasi hicho hicho, analipandisha, au anakimbia, yaani anatupa karata zake.

Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na 7 ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na 9 ya kopa. Zikafunuliwa tatu: 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza. Farha tayari ana jozi ya 9, lakini wote wawili wakapita. Karata ya nne ikaja 8 ya shupaza. Farha akaweka vibao (sarafu za kuchezea) vya 300,000, na Moneymaker akapandisha hadi 800,000.

Tulia hapo kidogo, maana wengi huirukia karata ya mwisho na kuukosa utamu wote. Wakati anapandisha, Moneymaker hana hata jozi. Alicho nacho ni shupaza nne, bado moja tu apate flashi, yaani karata tano za alama moja, kama shupaza tupu. Pia ana 6, 7, 8 na 9 mfululizo, kwa hiyo 5 au 10 yoyote inamkamilishia streti, yaani karata tano zinazofuatana. Ukihesabu, kati ya karata 46 asizoziona, 15 zinampa flashi au streti, karibu theluthi nzima. Mkwara wa namna hii mimi huuita mkwara wenye akiba: mwenzako akikimbia sasa hivi, umeshinda, na akibaki bado una njia ya kushinda kwa haki. Anayejifunza aanze na hii, na akae nayo miezi. Kupiga mkwara ukiwa na karata zisizo na tumaini lolote kunaweza kusubiri.

Farha akalifuata dau. Karata ya tano ikawa 3 ya kopa, haikumfaa mtu. Farha akapita. Moneymaker akasukuma vibao vyake vyote katikati.

Farha alifikiri kwa muda mrefu. Alimwuliza Moneymaker kwa sauti kama ile flashi imemkosa, na ndivyo ilivyokuwa. Moneymaker hakujibu, alikaa ameganda. Mwishowe Farha akaitupa jozi yake ya 9, karata zilizokuwa zinashinda. Baadaye Moneymaker alilitwaa taji na dola milioni 2.5.

Sasa irudie hadithi ukiwa umekaa kwenye kiti cha Farha. Shupaza ya tatu imetua mezani, na papo hapo yule bwana aliyekuwa kimya amepandisha dau. Inaonekana kabisa kwamba ana flashi. Karata ya mwisho haijabadilisha kitu, naye amezidi kubana. Hakuna tundu. Angekuwa amefuata tu kinyonge kwenye karata ya nne kisha akasukuma vyote kwenye ya tano, hadithi ingevuja.

Hata hivyo naamini Farha alikuwa na sababu ya kufuata, na ilikuwa mkononi mwake: malkia wa shupaza. Kila shupaza uliyoishika wewe ni flashi chache zaidi anazoweza kuwa nazo mwenzako. Kanuni hiyo inamsaidia anayepiga mkwara pia. Moneymaker, kwa kumshika mfalme wa shupaza, alijua kwamba flashi ya mfalme haiwezi kuwa kwa Farha. Ukitaka kujifanya una kitu, shika kipande cha kitu hicho.

Bei ni hesabu ya shule ya msingi, ila ifanye kabla ya kuweka dau. Chungu, yaani pesa zote zilizokwisha kuwekwa katikati ya meza, kina shilingi 10,000, nawe unapiga mkwara wa 5,000. Ukishindwa mara mbili umepoteza 10,000, ukifanikiwa mara moja umeirudisha. Kwa hiyo unahitaji mwenzako akimbie mara 1 tu katika kila 3 ili usipate hasara. Ukiweka 10,000 nzima, inabidi akimbie mara 1 katika kila 2. Dau kubwa linatisha zaidi, lakini lazima lifanikiwe mara nyingi zaidi.

Halafu kuna msikilizaji, na huyu ndiye aliyenifunza kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikicheza na marafiki Upanga, Dar es Salaam, sebuleni, kwa dau dogo. Alikuja mzee mmoja, mpole, kanzu safi, vibao vyake amevipanga minara ya kumi kumi. Nilimpigia mkwara mara tatu usiku ule. Mara zote hadithi yangu ilikuwa imenyooka, hata leo nikiipitia siioni kasoro yake. Mara zote tatu alifuata na jozi ndogo ya ovyo. Mara ya tatu nilimwuliza, "Mzee wangu, hukuiogopa ile flashi?" Akanitazama kwa upole kabisa. "Flashi ipi, mwanangu? Mimi nimekuja kuona karata."

Hakuwa anaisikiliza hadithi. Moneymaker alifanikiwa kwa sababu Farha alikuwa hodari wa kusoma madau, na mtu wa aina hiyo ndiye anayeweza kutishika. Asiyesoma huwezi kumtisha kwa maandishi. Tangu usiku ule, kabla ya kupiga mkwara najiuliza huyu niliye naye ameshatupa karata nzuri mara ngapi mbele yangu. Kama sijamwona akitupa hata mara moja, napita, nasubiri.

Wiki iliyofuata nilipata ree mbili za siri, na ya tatu ikafunuliwa mezani. Mzee alikuwa amekaa kushoto kwangu. Niliweka dau mara mbili ya kawaida yangu, bila hadithi yoyote. Akahesabu vibao vyake taratibu, akavisogeza katikati, akasema anataka kuona tu.