Anza na Dari, Si Mlango

Juzi tena. Nipo juu ya jukwaa Shangani, mikono imejaa chokaa, kijana anayetembeza wageni akapita chini yangu akiwaambia: hizi ni nyumba za Waarabu, na misumari ya shaba mlangoni ni ya kuzuia tembo. Nimeyasikia hayo kwa miaka yote niliyokarabati Mji Mkongwe, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Tembo tuwamalize haraka. Unguja haina tembo, na vichochoro vyetu vingi hata gari halipenyi. Desturi ya misumari ilitoka Bara Hindi, huku ikawa pambo na alama ya hadhi ya mwenye nyumba. Basi.

Hilo la "nyumba za Waarabu" ndilo linaloniuma. Wanaolisema wametazama uso wa nyumba tu. Mimi huanza na dari. Dari ya nyumba kongwe imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti hubeba vizuri upana wa kama mita 2.5 hadi 3, haizidi sana hapo. Ndiyo maana chumba huwa chembamba na kirefu, mwenyewe awe Mwarabu wa Oman, Mhindi au Mswahili wa Lamu. Aliyetaka ukumbi mpana aliagiza chuma kutoka nje, kama ilivyofanyika Beit al-Ajaib, jumba la Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwaka 1883. Na boriti hizo hizo za Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini miaka na miaka kwenda Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain vilipimwa kwa mikoko yetu. Sasa nani aliyempimia mwenzake?

Halafu kuna tarehe. Maandishi ya kibla cha msikiti wa Kizimkazi ni ya mwaka 1107. Sayyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, iliyoanza karne ya 8. Watu wa pwani hii walikuwa wakichoma chokaa na kuchonga matumbawe zamani sana kabla ya kuja dola ya Oman.

Lakini wapo wenzangu wanaosahihisha kosa hilo kwa kosa jingine: kwamba yote ni ya Waswahili watupu. Nao siwakubalii. Pita Hurumzi utazame. Nyumba ya Kiarabu imefumba uso, maisha yake yako ndani, kuuzunguka ua. Nyumba ya Mhindi imefumbua uso: duka chini, familia nyuma na juu, roshani ya mbao imening'inia njiani. Nilipata kukarabati nyumba moja yenye vyote hivyo, vyumba vya chini vya kale, ghorofa iliyoongezwa, kisha roshani. Vitabu vya uhifadhi vinaniagiza niheshimu kila tabaka. Nami naheshimu, mpaka roshani inapoanza kuuvuta ukuta uliokuwepo kabla yake. Nikaitoa ile roshani. Kila nipitapo pale naliona pengo lake, na bado moyo haujatulia kwamba nilitenda haki kwa familia iliyoijenga.

Kinachonishawishi zaidi kuliko milango na roshani ni mpango wa kuingia. Katika nyumba ya Lamu unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unafika kiwandani, ndio uani, kisha misana, kumbi zile ndefu nyembamba, mwisho ndani, na kila hatua inadai udugu wa karibu zaidi. Mgeni wa kiume humalizana na mwenyeji nje, barazani au dakani, bila mtu yeyote wa ndani kusumbuliwa.

Sasa vuka Darajani uende Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ambako hao watembeza wageni hawafiki, na ambako UNESCO, ilipoutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, haikuelekeza macho yake. Nyumba ya udongo, nguzo na fito: baraza mbele, ukumbi wa kupita katikati, vyumba kushoto na kulia, nyuma ua wenye jiko na choo. Mpango ni ule ule. Nje kwa watu wote, ndani kwa wachache, uani kwa wenyewe. Nyumba hizo zinabomolewa kila mwaka, wala hakuna anayezipima kwanza, kwa sababu hazina mlango wa kupigia picha. Mimi nimeanza kuzipima, jioni nikitoka kazini. Kama bibi yako bado anaishi katika mojawapo, niandikie, nitakuja na futi yangu, na chai nitakunywa barazani.