Usiniulize ana saki ngapi

Msimu wa futiboli ya Kimarekani haujafika katikati na tayari nimeulizwa tena. Mzazi kanisubiri kando ya uwanja baada ya mechi, kanisalimia vizuri, kisha: "Kocha, kijana wangu hana saki hata moja. Kwani hafanyi kazi?" Saki ni kumwangusha kwotabeki, yule mtupaji wa pasi, kabla hajautupa mpira. Kijana huyo alikuwa amecheza karibu usiku mzima, na kabla ya mapumziko wapinzani walikuwa wameacha kabisa kukimbia na mpira katikati kwa sababu yake. Nilimjibu mzee kwa heshima, kama inavyopasa. Lakini mstari wa ulinzi, wale wazito wa mbele, ndio ninaoufundisha hapa Marekani, na imani hii kwamba asiye na saki hafanyi kazi imenichosha. Naandika mara moja, kwa urefu, ili atakayeuliza tena nimtumie hapa asome.

Wanaoiamini si wajinga. Wanatazama video za sekunde 10 kwenye simu, na humo mtu wa mstari huonekana pale tu anapomwangusha kwotabeki. Snapu nyingine zote za usiku ule, yaani kila mara mpira unapoanzishwa, ambazo ndizo kazi yenyewe, hakuna anayezikata na kuzirusha mtandaoni.

Chukua nozi, mtu wa katikati ya mstari kwenye ulinzi wa 3-4 (watatu mstarini, malainbeka wanne nyuma yao), anayeshika gepu mbili, yaani nafasi kati ya wazuiaji. Anakaa usoni mwa senta, yule anayeanzisha mpira, uso kwa uso kabisa, na gepu A, zile za kati ya senta na gadi (mzuiaji wa pembeni yake), zote mbili ni zake, ya kushoto na ya kulia. Haruhusiwi kukisia. Snapu ikitoka, mikono inaingia kwanza, ndani, kifuani mwa senta, gumba juu. Kisha viwiko vinanyooka ili ipatikane nafasi kati ya vifua viwili. Kupitia nafasi hiyo anaona mpira unakwenda wapi. Raningbeki, mkimbiaji wa mpira, akijitokeza kushoto, nozi anamtupa senta kulia na kukaba. Akijitokeza kulia, kinyume chake. Kijana mwenye uchu wa saki hawezi kuingoja hiyo nusu sekunde. Anachomoka upande mmoja, anaonekana mwepesi, jukwaa linashangilia, na raningbeki anapita kwenye gepu aliyoiacha mpaka anakutana na beki wa mwisho. Mzazi atamlaumu beki wa mwisho.

Halafu kuna dabo, yaani wawili kumzuia mmoja, na hapa ndipo subira huniishia. Senta na gadi wanamjia nozi pamoja, bega kwa bega. Kwenye NFL, ligi kuu ya hapa, hao ni zaidi ya kilo 270 kwa pamoja. Watu hudhani nia yao ni kumsukuma tu. Hapana. Nia yao ni kumsogeza upesi, kisha mmoja amwachie mwenzake na kupanda juu kwa lainbeka. Dabo yote inategemea huo upesi, na kazi ya nozi ni kuwanyima. Anashusha nyonga, anamwingilia gadi kwa bega na ubavu, anabaki chini kuliko wao wote wawili. Akiona anazidiwa, anapiga goti na kujilaza palepale miguuni mwao, watatu wawe rundo moja. Rundo ni ushindi! Gadi aliyenaswa kwenye rundo hajafika kwa lainbeka, na lainbeka asiyeguswa na mtu anashuka kwenye gepu na kumkaba raningbeki nyuma ya mstari. Kipaza sauti cha uwanja kinalitaja jina la lainbeka. Wali ukiiva watu humsifu mpishi, hakuna anayeyataja mafiga. Kwenye karatasi ya takwimu nozi hana kitu. Kwenye karatasi yangu, ninayoijaza asubuhi ya pili nikitazama filamu, snapu hiyo ana alama kamili.

(Wako wanaomng'ang'ania gadi kwa mkono ili asipande. Ni faulo, marefa huipuliza mara chache, na mimi siifundishi.)

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ni Baltimore Ravens wa mwaka 2000. Katika mechi 16 za msimu wa kawaida walifungwa pointi 165, na kwa msimu mzima waliruhusu yadi 970 tu za kukimbia. Ray Lewis, lainbeka wao wa kati, alichaguliwa mlinzi bora wa ligi, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi. Alistahili, sibishi. Lakini itazame tena filamu ya mwaka ule, safari hii macho yawe mbele ya Lewis. Pale walisimama Tony Siragusa na Sam Adams, watu wa karibu kilo 150 kila mmoja, na magadi walikuwa hawabanduki kwao. Lewis alikuwa akikimbia bila kuguswa. Siragusa alicheza miaka 12 akamaliza na saki 22. Vince Wilfork, ambaye New England Patriots walimchukua raundi ya kwanza ya drafti (pale timu zinapochagua wachezaji wapya) mwaka 2004, alicheza miaka 13, akaenda Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 5, akavaa pete 2 za ubingwa wa Super Bowl, na saki zake zote ni 16. Wapo waliopata zaidi ya hizo kwa msimu mmoja na hakuna timu inayowakumbuka.

Najua jina linalofuata, huwa linaletwa kama mwisho wa mjadala: Aaron Donald. Ndiyo. Tekoli, mtu wa ndani ya mstari, aliyepata saki 20.5 mwaka 2018, mlinzi bora wa ligi mara 3, saki 111 alipostaafu mwaka 2024. Mimi namwona kuwa tekoli bora niliyewahi kumtazama. Basi tumtazame kwenye dakika iliyompa pete. Super Bowl ya Februari 2022, timu yake ya Rams inaongoza 23 kwa 20, Cincinnati Bengals wana mpira na muda unayoyoma. Dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne, imebaki yadi moja: Bengals wanampa mpira Samaje Perine akimbie katikati, Donald anamkamata, hapati kitu. Dauni ya nne, yadi moja ileile: Donald anampita gadi, anamshika kwotabeki Joe Burrow na kumzungusha, Burrow anautupa mpira huku anaanguka, unadondoka chini. Mchezo umekwisha. Ya kwanza ni kuzuia mkimbiaji. Ya pili, kwenye kitabu, ni pasi isiyokamilika. Snapu mbili kubwa kuliko zote maishani mwake, na kwenye safu ya saki hakuna hata moja kati yake. Alikuwa na saki 2 mapema katika mechi hiyo. Nani anazikumbuka?

Saki yenyewe ni takwimu changa. NFL ilianza kuihesabu rasmi mwaka 1982. Deacon Jones, mtu wa mstari wa ulinzi wa enzi za nyuma, alikuwa ameshastaafu miaka mingi, na zile 173.5 zinazotajwa kwa jina lake zilikusanywa baadaye na watu waliopekua kumbukumbu za mechi. Je, kabla ya hapo makocha hawakujua nani anacheza na nani hachezi? Walijua, kwa sababu walitazama filamu.

Sasa upande unaoniumiza, kwa sababu sitaki kuwadanganya. Imani hii haikuzuliwa na mashabiki peke yao. Ofisi za timu huilipa. Endi, mtu wa pembeni ya mstari, anayemfikia kwotabeki hupewa mkataba ambao nozi hawezi kuuota. Na mchezo umegeuka: pasi zimekuwa nyingi, timu inatoa lainbeka na kuingiza beki wa tano, na nozi mzito anakwenda benchi kwenye dauni ya tatu. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 mwenye kifua kipana akiniuliza ajifunze kushika gepu mbili au ajifunze kuchomoka, nafundisha yote mawili, lakini moyoni sina uhakika. Mfumo ninaouheshimu zaidi huenda ndio utakaomlipa kidogo. Nimezungumza na makocha wenzangu juu ya hili na hatukubaliani.

Hata alama zangu za asubuhi ya pili zina shaka ndani yake. Makocha wawili tukitazama snapu ileile hutoa alama tofauti, tena tukiwa tunajua ulinzi gani uliitwa. Mtu wa nje asiyejua wito ule anakisia. Kuna kipimo kinachohesabu kama mlinzi amemshinda mzuiaji wake ndani ya sekunde 2.5 wakati wa pasi, nacho ni bora kuliko saki kwa mbali, maana kwotabeki mwenye mkono wa haraka anaweza kumnyima mtu saki usiku kucha. Lakini bado kinampendelea anayechomoka. Rundo la nozi halina kipimo ninachokiamini kabisa.

Njia ya kufika NFL naipita haraka, kwa kuwa mmeisikia: miaka 4 ya sekondari, miaka 3 hadi 5 ya chuo, drafti ya raundi 7, orodha ya watu 53, na wengine 16 kwenye kikosi cha mazoezi. Chama cha wachezaji hutaja wastani wa miaka 3.3 kwenye ligi. Ligi yenyewe husema karibu miaka 6 kwa wale wanaoingia kikosini msimu wa kwanza. Zote mbili ni kweli, inategemea unamhesabu nani. Watu wa mstari wana faida moja: huchezeshwa kwa zamu, maana mwili mzito haumudu kila snapu, hivyo timu huhitaji wengi. Mwaka 1990 drafti ilimpita Siragusa, ikampita na John Randle wa Texas A&I, aliyeonekana mdogo mno kucheza ndani. Randle alimaliza na saki 137.5 na tangu 2010 yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa kule Canton. Ndiyo, nimemtaja mtu wa saki. Sikusema saki ni haramu. Nasema ni mabaki ya kazi, na mabaki hayo hutegemea umewekwa wapi, umeambiwa ufanye nini, na kwotabeki ni nani.

Ndugu zangu wa nyumbani huniandikia jambo linalokaribiana na hili: kijana wa raga mwenye kilo 120 na mbio, si atafaa moja kwa moja? Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Alikuwa lainbeka wa nje na muda wake mwingi ulikwenda kwenye timu za kiki, zile zinazoingia mpira unapopigwa kwa mguu. Ni mafanikio makubwa sana, na tazama ni kwa mwanamichezo wa kiwango gani. Mikono ndiyo inayochelewa. Raga inakufunza kukaba mwenye mpira. Haikufunzi kupigana na mtu wa kilo 140 aliyeruhusiwa kukuzuia wakati mpira uko kwa mwingine. Osi Umenyiora, endi wa zamani wa New York Giants, ameendesha kambi za kutafuta vijana Afrika, na zimefungua milango. Mpelekeni kijana. Ila msimhesabie saki mwaka wa kwanza wala wa pili.

Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni la kichwa. Mtu wa mstari hugongwa karibu kila snapu, mazoezini na kwenye mechi, mapigo madogo yasiyomwangusha wala kumtoa uwanjani. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitoa matokeo ya ubongo 111 wa waliowahi kucheza NFL, wakakuta CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, kwenye 110. Ubongo huo ulitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari na wasiwasi, kwa hiyo haiwezekani kusema kiwango hicho ndicho cha wachezaji wote. Lakini haiwezekani pia kuufumbia macho. Mwaka 2022 ligi ilianza kuwalazimisha watu wa mstari kuvaa kofia laini juu ya helmeti kwenye kambi za kabla ya msimu. Mimi nimepunguza mazoezi ya kugongana, naanza na mikono kwenye magunia, na bado sijui umri sahihi wa kumweka mtoto mikono chini kwenye mstari. Nadhani tunawaweka mapema mno.

Na uzito. Nozi hula ili abaki nozi, na siku akiacha kucheza njaa haistaafu pamoja naye. Moyo, sukari, magoti. Kijana anapomaliza kwangu bila kwenda chuo, tunakaa na mama yake au yeyote anayempikia, tunapanga namna ya kushusha kilo 20 au 30 taratibu, na namwambia aje kunyanyua vyuma nasi bure muda wote atakaotaka.