Glasi isiyoonyesha kitu: kwa wanaotaka kujifunza boila

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu haipumziki. Shangazi wa Igoma ana kijana wake, jirani wa Buhongwa ana binti yake, na swali ni lile lile: "Fundi, mwanangu anaweza kusomea boila? Cheti kinachukua muda gani?" Wanauliza mshahara, wanauliza joto, wanauliza kama kweli linalipuka. Kuhusu maji haulizi mtu. Nami baada ya miaka yote hii naweza kusema kazi ya boila, yaani lile tangi la chuma la kuchemshia maji hadi yawe mvuke, ni kazi ya maji. Moto unawashwa na kuzimwa, lakini maji ndiyo utakayoyalinda shifti nzima.

Hapa Mwanza na mikoa ya jirani utayakuta maboila kwenye viwanda vya kukamua mafuta ya pamba, vya bia na soda, vya nguo, na kwenye dobi za hospitali kubwa. Hata uzalishaji wa umeme kwa injini za mafuta mazito, kama ule mtambo wa Nyakato wa megawati 60 na ushee, unahitaji mtu anayeelewa joto, kwa sababu mafuta yale yakipoa yanakuwa kama lami na bila kupashwa hayapiti kwenye bomba. Kwenye mitambo ya aina hiyo, joto la moshi wa injini mara nyingi hutumika kutengeneza stimu (ndiyo hiyo vitabu vinaita mvuke) ya kuyapashia. Kwa hiyo anayejifunza boila hajifungii kiwandani.

Kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji kilojuli 419. Kuyageuza maji hayo hayo kuwa stimu, bila joto kupanda hata nyuzi moja, kunahitaji kilojuli 2,257 nyingine. Ndiyo maana kuunguzwa na stimu si sawa na kumwagikiwa chai: mzigo wote ule inaushusha kwenye ngozi yako. (Hapa kwetu, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, sufuria iliyo wazi inachemka kwenye nyuzi 96. Kila kundi la wanafunzi hunirudishia kipimajoto wakidai kibovu.)

Sasa yafungie maji hayo kwenye chuma uyapashe hadi geji, kile kipimo cha presha, isome bar 7. Hayatachemka tena kwenye 96, yatangoja hadi kama 170. Yaani ndani ya boila kuna tani kadhaa za maji yanayotaka kuwa stimu, na kinachoyazuia ni bati la chuma tu. Bati likipasuka, presha inaanguka ghafla na sehemu ya maji hayo inageuka stimu papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka stimu kwenye hewa ya kawaida inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mwaka 1905 kiwanda cha viatu cha Brockton, jimbo la Massachusetts huko Marekani, kilibomoka kwa boila moja na watu 58 wakafa. Baada ya hapo ndipo Massachusetts ikatunga sheria ya maboila mwaka 1907, na wahandisi wa Marekani nao wakaandika kanuni zao, ambazo hadi leo utaona zimetajwa kwenye kibao cha boila nyingi.

Mbele ya boila kuna bomba dogo la kioo, tunaliita glasi. Linaonyesha maji yamefika wapi ndani. Kama kuna kitu kimoja cha kujifunza hadi mikono ifanye yenyewe, ni hiki.

Glasi ina koki tatu: ya juu inaleta stimu, ya kati inaleta maji, ya chini ni ya kumwaga. Kwenye boila nyingi mishikio yote mitatu inaelekea chini wakati wa kazi, ili mtikisiko usiisogeze. Maana yake ni kwamba koki ya maji ikiwa wazi, mshikio wake unakaa kinyume na ulivyozoea kwenye bomba la nyumbani, na mgeni huichanganya siku ya kwanza. Ukiingia shifti, kabla ya kusaini daftari, funga ya maji, fungua ya kumwaga: stimu itoke kwa nguvu. Hapo umejua njia ya juu iko safi. Funga ya stimu, fungua ya maji: maji yatoke kwa nguvu. Kisha funga ya kumwaga, maji yapande hadi juu ya glasi, halafu fungua ya stimu uyaone yakishuka na kutulia mahali pake. Yashuke haraka na yapande haraka. Yakipanda kwa uvivu, tope limeanza kuziba, na glasi iliyoziba itakuonyesha maji ya jana.

Usiku mmoja nikiwa bado mwanafunzi, kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ambacho sitakitaja, nilipokea shifti kwa maneno tu. Mwenzangu alisema, "Imejaa, usihangaike," akaenda zake. Tulikuwa tunachoma maganda ya mbegu za pamba. Saa nane hivi nikatazama glasi: nyeupe, safi, hakuna mstari wa maji. Nikakumbuka aliyosema, nikaridhika kwamba imejaa hadi juu. Kidogo moyo ukasita, nikasema ngoja niongeze maji kidogo kwa usalama. Mkono ulikuwa kwenye swichi ya pampu.

Mzee aliyekuwa akinifundisha alitokea nyuma na kunipiga kofi mkononi. Hakupiga kelele. Alitoa kalamu mfukoni, akaiweka mshazari nyuma ya glasi. "Unaona inalalia wapi?"

"Inalalia kulia, mzee."

"Na mimi nimeishika inalalia kulia. Ingekuwa na maji ungeiona imegeukia kushoto. Hapa hakuna maji, mwanangu. Umesimama mbele ya sufuria tupu."

Glasi iliyojaa na glasi tupu zinafanana kabisa. Tofauti ni kwamba maji kwenye kioo cha mviringo yanafanya kazi ya lenzi, yanageuza picha. Ndiyo maana glasi nyingine zina bati lenye mistari ya mshazari nyuma yake, na watu wanadhani ni mapambo.

Mzee alizima feni, akasimamisha maganda, akafunga milango ya hewa. Hakugusa pampu, hakufungua sefti valvu (ile ya kutoa presha ikizidi), hakusogeza valvu kuu ya stimu. Tulikaa mbali tukangoja hadi presha iishe yenyewe. Ningeingiza maji ya baridi juu ya tyubu, yale mabomba membamba ya ndani ya boila, zilizokwisha kuwa nyekundu, yangegeuka stimu kwa mkupuo mmoja, na chuma chenye joto lile hakina nguvu ya kuibeba. Asubuhi tulipofungua tulikuta chujio la pampu limezibwa na ule ukijani wa ziwani, na tyubu za juu zimebadilika rangi kama kisu kilichosahaulika jikoni. Lakini kilichoniudhi hadi leo ni kingine. Swichi ya kuzima moto maji yakipungua ilikuwa imeungwa waya. Mtu aliona inakatakata kazi, akaiunga ili isizime moto tena. Meneja alijua. Boila zile ziliwekewa swichi mbili ili moja ikifa nyingine ifanye kazi, na zote mbili zilikuwa na waya.

Kwa upande wa maji yenyewe, ziwa letu limetupendelea. Si maji magumu, hayajengi ukoko wa chokaa ndani ya boila kwa kasi kama ya visima vya sehemu nyingi. Ila yanabeba mwani na tope, na hewa iliyoyeyuka humo inatoboa tyubu vitundu vidogo vidogo kama vya sindano. Kwa hiyo chuja, pasha tangi la maji ya kulishia hadi nyuzi 80 na zaidi ili hewa itoke, weka dawa, na kila siku fungua valvu ya chini kwa sekunde chache umwage tope. Pima chumvi kila shifti. Kwenye boila ya kawaida ya kiwandani wengi hawaruhusu ipite miligramu 3,500 kwa lita; ikizidi maji yanatoa povu na stimu inatoka imelowa.

Njia ya kuingia? Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo, na fani ya mitambo, mabomba au umeme vyote vinakufaa kama msingi. Fizikia usiikimbie. Ukaguzi wa usalama kazini unasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, kwa hiyo zizoee karatasi za ukaguzi wa boila lako mapema, uzisome, usiziache kwa ofisi. Kule Kanada leseni zina madaraja, na kupanda daraja kunadai mtihani pamoja na muda wa kukaa mbele ya mtambo unaofanya kazi. Napenda hicho cha pili. Nimeona vyeti vizuri mikononi mwa watu wasiojua koki ipi ni ya stimu.

Mwezi uliopita niliitwa kukaa kwenye usaili wa kutafuta waendesha boila wawili, wakaja watu saba. Swali langu lilikuwa moja: umeingia shifti, glasi haionyeshi kitu, unafanya nini? Watano walijibu, "Nawasha pampu." Mmoja alisema atampigia simu bosi. Binti mmoja kutoka Misungwi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuazima kalamu yangu.