Lango la Hwacheon: jinsi kikosi cha VFA-195 kilivyopata jina lake

Mimi ni mhandisi wa malango ya mabwawa. Siku zangu nyingi hupita kwenye kutu, mipira ya kuzibia maji na minyororo ya kunyanyulia vyuma vizito. Kwa hiyo siku nilipoiona mara ya kwanza picha ya bwawa la Hwacheon, huko Korea, iliyopigwa kutoka angani tarehe 1 Mei 1951, macho yangu hayakutafuta ndege. Yalikwenda kwenye maji. Wingu jeupe la maji limeruka mbele ya ukuta, pale pale yalipo malango, na nikajua kwamba aliyelishambulia alikuwa ameelewa bwawa ni kitu gani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za kikosi kilichofanya kazi ile.

Leo kinaitwa VFA-195, na jina lake la utani ni Dambusters, yaani Wavunja Bwawa. Ni kikosi cha ndege vita cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, na ndege zake huruka kutoka kwenye manowari ya kubebea ndege. Ukitaka kuijua historia yake kwa haraka, fuata herufi zake. Kilianza kama VT-19, kikawa VA-20A, kikawa VA-195, na ndipo kikawa VFA-195. V ni alama ya zamani ya ndege za mabawa, kuzitofautisha na zile za puto. F ni ya kupigana angani, A ni ya kushambulia shabaha za chini. Na ile T ya mwanzo ni ya torpedo, bomu lenye injini yake linalokwenda chini ya maji. Ishike hiyo T, maana ndiyo itakayorudi.

Kikosi kilianzishwa tarehe 15 Agosti 1943 huko Los Alamitos, California, kikiwa na ndege za Avenger za watu watatu: rubani, mpiga bunduki na mwendesha redio. Mwaka uliofuata kilipanda manowari ya Lexington, na Oktoba 1944 kilikuwa kwenye vita vya Ghuba ya Leyte, Ufilipino. Ndege za Lexington zilikuwa miongoni mwa zile zilizoizamisha Zuikaku, manowari ya Kijapani iliyoshiriki kuipiga Pearl Harbor. Kisha amani ikaja, torpedo zikawekwa ghalani, na mwaka 1948 kikosi kikapewa jina la VA-195. Miaka hiyo kilipata pia ndege mpya, Skyraider. Hii ilikuwa ndege ya propela moja na rubani mmoja, yenye nguvu za kubeba mzigo ambao ungewashangaza marubani wa Avenger. Kazi yake sasa ilikuwa mabomu na roketi.

Twende Korea, kwenye Vita vya Korea. Bwawa la Hwacheon lilijengwa na Wajapani kwenye mto Bukhan, na masika ya 1951 lilikuwa mikononi mwa majeshi ya China na Korea Kaskazini. Mwenye bwawa ndiye mwenye mto. Akifungua malango, mafuriko yanabeba madaraja ya muda ya adui aliye chini. Akiyafunga, mto unapungua na askari wake wanavuka. Mwanzoni mwa Aprili waliyafungua, na vikosi vya Umoja wa Mataifa, vilivyoongozwa na Marekani, vikaona madaraja yao yakihangaishwa na maji. Askari wa miguu wakatumwa kuliteka bwawa, wakashindwa. Tarehe 30 Aprili ikaja zamu ya Skyraider kutoka manowari ya Princeton, zikiwa na mabomu ya pauni 2,000, karibu kilo 900 kila moja. Malango hayakutikisika vya kutosha.

Hapa naomba niseme kama mtu wa malango. Ukuta wa bwawa la namna ile ni zege nene sana, na chini ni nene zaidi. Bomu linaloangukia juu yake linachimba shimo, basi. Malango yenyewe ni mabamba ya chuma yaliyosimama wima, kila moja kama mita 6 kwenda juu na mita 12 upana. Ukiyatazama kutoka angani huoni uso wake, unaona ukingo tu, kama mtu anayetaka kuupiga mlango kwa kudondosha jiwe kutoka paani. Lakini uso wote wa lango unatazama ziwa. Kitu kikija ndani ya maji kutoka upande wa ziwa, kinaukuta wote. Tena maji hayabonyei kama hewa: mlipuko ukitokea ndani yake, nguvu inasukumwa moja kwa moja kwenye bamba, ambalo tayari limebeba uzito wa ziwa mgongoni. Ningeulizwa mimi, ningesema hivyo hivyo: pigeni chini ya maji.

Ndipo ile T ikarudi. Princeton ilikuwa na torpedo za Mark 13 ghalani, masalio ya vita vilivyopita. Wengi wa marubani wa VA-195 hawakuwa wamewahi kudondosha hata moja. Na torpedo ina adabu zake. Ukiiachia ikiwa imeinamisha pua sana, inakwenda kujichimbia kwenye tope la chini. Ukiiachia ikiwa bapa mno, inaruka juu ya maji kama kijiwe cha watoto. Ndege lazima iwe chini, sawasawa, na mwendo usiobadilika. Ili itulie angani, Mark 13 ilivalishwa pete ya mbao puani na kisanduku cha mbao nyembamba mkiani, vyote vikivunjika na kubaki juu pale inapogusa maji. Mbao kwenye silaha ya kuvunja chuma! Kila nikifikiria watu walioyakagua yale masanduku usiku ule, nikiwa najua ukaguzi wa usiku ulivyo, moyo wangu uko kwao.

Asubuhi ya tarehe 1 Mei zikaruka Skyraider 8, tano za VA-195 na tatu za kikosi kingine, VC-35, zikisindikizwa na ndege vita za Corsair zilizokwenda kuinamisha vichwa vya wapiga mizinga. Waliongoza Kamanda Richard Merrick, mkuu wa ndege zote za Princeton, na Luteni Kamanda Harold Carlson, mkuu wa VA-195. Ziwa lile limezungukwa na vilima. Zilibidi zivuke kilima, zishuke haraka hadi karibu na maji, zijinyooshe, ziachie, kisha zipande kabla ya ukuta. Nafasi ilitosha ndege mbili kwa mara moja, kwa hiyo walikwenda wawili wawili. Torpedo mbili zilikorofisha. Sita zilikwenda zilikotumwa. Lango la katikati likang'oka, jingine likatobolewa, na ziwa likaanza kumwagika bila kumwomba mtu ruhusa.

Ukuta ulibaki umesimama. Kwa hiyo wanaosema kikosi hiki kilibomoa bwawa wanakosea, na mimi nadhani ukweli ni mkubwa kuliko hadithi, kwa sababu kilichotakiwa kilikuwa kumnyang'anya adui uwezo wa kufungua na kufunga, na hicho kilipatikana. Baada ya siku hiyo wanamaji wa Marekani hawakutumia tena torpedo za ndege dhidi ya shabaha ya juu ya maji. Kikosi kilichozaliwa kwa ajili ya torpedo ndicho kilichoifunga kazi hiyo.

Yaliyofuata nayapitia kwa kifupi. Vietnam waliruka na A-4 Skyhawk, baadaye A-7. Tarehe 1 Aprili 1985 wakapewa herufi za VFA, ndege yao mpya ikiwa F/A-18 Hornet, na mwaka uliofuata wakahamia Japani kuruka kutoka manowari ya Midway, ambayo walipigana nayo Vita vya Ghuba mwaka 1991. Japani hawajaondoka mpaka leo. Sasa wana Super Hornet, toleo kubwa zaidi la Hornet, kambi yao ni Iwakuni, na tai wao, wanayemwita Chippy, huchorwa kwenye ndege.

Bwawa nalo lipo. Liko upande wa Korea Kusini sasa, malango yakatengenezwa, na bado linazalisha umeme.