Ufunguo wa umma haufungui: yanayochanganywa kuhusu jozi za funguo

Waulize watengenezaji programu watano, katika jozi ya funguo zinazozalishwa pamoja (wa umma unaougawa na wa siri unaobaki nao), ni ufunguo upi unaofunga ujumbe, na angalau mmoja atakujibu, "wa siri, si ndio siri yenyewe?" Hapana. Anayetuma anausimba ujumbe, yaani anaufunga usisomeke, kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, na ufunguo wa siri wa mpokeaji ndio pekee unaousimbua. Nadhani lugha yetu nayo inachangia: "ufunguo" umetokana na kufungua, kumbe huu wa umma kazi yake ni kufunga, na haufungui hata ujumbe ulioufunga wenyewe. Kwenye saini ya kidijitali mambo hugeuka: wa siri unasaini, wa umma unahakiki.

Wengine hudhani ujumbe mzima husimbwa kwa jozi hiyo. Jaribu uone. RSA (njia maarufu ya kusimba kwa jozi ya funguo) ya biti 2048, kwa mpangilio wa OAEP wenye SHA-256 (namna ya kuujazia ujumbe kabla ya kuusimba), hubeba baiti 190 tu, yaani aya fupi, picha usiiwaze. Kinachofanyika ni kuzalisha ufunguo wa muda wa AES (mmoja tu, unaofunga na kufungua), kusimba ujumbe kwa huo, kisha kuusimba ufunguo huo mdogo kwa RSA.

"Ufunguo mrefu hauvunjiki." Hii ndiyo inayonikera zaidi. Mwaka 2006, ndani ya Debian (mfumo endeshi wa Linux), iliondolewa mistari ya kodi ya OpenSSL (programu ya kusimba na kuzalisha funguo) iliyokuwa ikizua maonyo. Pamoja nayo ikaondoka karibu nasibu yote, ile inayofanya ufunguo usitabirike. Kilichobaki kuutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ile ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa. Kwa urefu mmoja na aina moja ya mashine, funguo zilizoweza kuzalishwa zikawa takribani 32,000, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza yote. Hitilafu iligunduliwa 2008. Biti zilikuwa 2048 zile zile. Kwa hiyo usijitungie kizalishaji chako. Amri hizi mbili zinatosha kuzalisha jozi ya X25519 (aina nyingine ya jozi, inayotumika kupatana ufunguo wa muda badala ya kuusimba kwa RSA):

openssl genpkey -algorithm X25519 -out siri.pem
openssl pkey -in siri.pem -pubout -out umma.pem

Ukiifungua siri.pem utakuta herufi zisizosomeka, ukadhani imeshasimbwa. Ni Base64 tu, namna ya kuandika baiti kwa herufi. Yeyote anayeweza kulisoma faili hilo anao ufunguo, hivyo kwenye seva lipe ruhusa ya 600 (mmiliki wake tu asome na kuandika), limilikiwe na akaunti inayoendesha programu.

Na lisiingie Git, programu inayotunza matoleo ya kodi. Mimi niliwahi kulipakia, nikalifuta dakika chache baadaye, nikajiona mjanja. Kufuta huondoa faili kwenye toleo la sasa; historia inalo, na kila aliyevuta nakala katikati analo. Dawa ni jozi mpya: sambaza ufunguo mpya wa umma, wa zamani usitumike tena kusimba. Ule wa siri wa zamani usiutupe kwanza kama bado kuna ujumbe wa nyuma wa kusoma. Nilikaribia kuutupa.

Mwisho kuna wanaosema ufunguo wa umma hauhitaji uangalifu wowote kwa kuwa si siri. Kusomwa hakuna neno. Kubadilishwa ndiko balaa. Mtu aliyekaa katikati akikupa wa kwake, utausimba ujumbe vizuri kabisa kwa ajili yake, naye atausoma, ausimbe upya kwa ufunguo halisi na kuupeleka mbele bila yeyote kushtuka. Toa heshi ya ufunguo (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwake), umpigie simu mwenye ufunguo, mlinganishe herufi kwa herufi. Ukiitafuta heshi hiyo kwenye chaneli ile ile iliyokuletea ufunguo, yule wa katikati atakupa inayolingana na wa kwake.