Spindeli ya seli: nyuzi zinazogawa kromosomu

Spindeli ni mtambo wa nyuzi ambao seli huujenga inapojigawa, ili kila seli changa ipate fungu kamili la kromosomu, yaani vifurushi vya DNA vinavyobeba jeni. Nyuzi zenyewe ni mikrotubuli: mirija yenye unene wa nanomita 25 hivi, iliyoundwa kwa protini iitwayo tubulini.

Wanafunzi wetu wa Unguja na Pemba huikuta kwanza kwenye mchoro wa kitabu, nyuzi zimekazwa kama kamba za makumbi wanazosokota kina mama wa Jambiani. Kamba ikishasokotwa hubaki ilivyo. Mikrotubuli haitulii: huongezewa tubulini ikarefuka, ghafla humeguka ikafupika, kisha huanza upya. Tim Mitchison na Marc Kirschner waliieleza tabia hii mwaka 1984. Umbo la spindeli hubaki lile lile ilhali nyuzi zake zinabadilishwa muda wote, na hilo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote.

Mpangilio hutokana na mwelekeo. Kila mikrotubuli ina ncha hasi, ambayo aghlabu huelekea kwenye nguzo ya spindeli (mmoja wa miisho yake miwili), na ncha chanya, inayokua haraka, huelekea mbali na nguzo. Baadhi hushika kromosomu kwenye kinetokori, kishikio cha protini kilicho juu yake. Nyingine hupishana katikati na zile za nguzo ya pili, na hapo protini za mota, zinazotembea juu ya nyuzi, huzisukuma nguzo zitengane. Katika seli za wanyama zipo pia zinazotawanyika kuelekea utando wa seli.

Vitabu vingi huchora sentrosomu, kitovu ambako nyuzi huanza kuota, kwenye kila nguzo. Lakini kitunguu maji kile kile cha sokoni Darajani, ambacho mizizi yake hutumika kwenye vitendo vya baiolojia, hakina sentrosomu, na seli zake hujigawa vizuri. Nyuzi huanza kuota kuzunguka kiini, halafu protini nyingine huzikusanya zikawa na nguzo mbili. Ukiitazama slaidi yake usihangaike kutafuta nyuzi; rangi ya maabara hushika kromosomu, ambazo kitunguu kinazo 16.

Kinetokori mbili za kromosomu moja hupaswa kuvutwa na nguzo tofauti; zikishikwa na nguzo moja, mvutano hukosekana, na protini ya Aurora B huachisha mshiko huo ujaribiwe tena. Kinetokori isiyoshikwa kabisa hutoa ishara ya kusubiri. Ulinzi huu ukishindwa, seli moja huzidiwa kromosomu na nyingine hupungukiwa. Mtoto mwenye hali ya Down, mara nyingi, ana kromosomu 47 badala ya 46.