Kabla hujanunua mashine ya juisi, angalia ndoo zinapanga foleni wapi

Msimu wa pasheni ukianza tu simu zetu hazipumziki, na swali ni lile lile, "mtaalamu, ninunue mashine gani ya kukamua?" Na mimi namuuliza, ndoo zako zinajaa wapi? Maana matunda nayo yanapanga foleni kama malori ya mpakani Tunduma, na pale foleni ilipo ndo pana shida, kwingine kote ni kelele.

Chukua siku moja ukae na saa na mzani. Tuseme kikundi cha akina mama pale Tukuyu wanaosha na kukata kilo 50 kwa saa, wanakamua 40, wanachemsha 20, wanajaza chupa na kufunga 30. Hapo hata ukileta mashine ya kukamua kilo 200 kwa saa bado utatoa mzigo wa kilo 20 tu, ila sasa una mabeseni kibao ya rojo yanasubiri sufuria, na rojo likikaa linachacha, yani umelipa hela ili uharibu matunda haraka zaidi.

Na hiyo sufuria wakati mwingine wala haihitaji hela. Nimekuta watu huku kwetu wanasubiri kipimajoto kisome 100 ndo waepue, wanasubiri wee, mkaa unaisha. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hiyo 100 utaingoja mpaka kesho! Juisi ya matunda yenye uchachu kama pasheni ikifika 85 hadi 90 ukaishikilia dakika chache inatosha, jaza ingali ya moto, funga. Wa jamu nao wasifuate ile 105 ya vitabuni, huku inaiva kwenye 99 hivi, ukizidisha unapata gundi.

Baada ya hapo kama bado sufuria inachelewesha, ongeza sufuria ya pili na jiko lake, utafika kilo 30 kwa saa kwa sababu foleni itakuwa imehamia kwenye kujaza chupa. Unaona inavyotembea?

Sasa ikithibitika mashine ndo dawa, piga hesabu kwa siku za msimu, sio za mwaka mzima. Mfano mashine ni 4,500,000, inakuongezea kilo 60 kwa siku, na kila kilo inakuachia 500 ukishatoa matunda, sukari, chupa, moto na vibarua. Ni 30,000 kwa siku, msimu wa siku 90 ni 2,700,000, kwahiyo karibu misimu miwili ndo hela irudi, na hapo hujaweka spea wala riba ya mkopo. Tena hizo kilo 60 za ziada ziwe na mnunuzi, sio za kupanga stoo.

Halafu umeme jamani. Mashine nyingi kubwa zinataka fezi tatu, yani umeme wa nyaya tatu za moto, na nyumba yako ina moja, gharama ya kuvuta hiyo laini watu wanakuja kuijua mashine ikiwa imeshashushwa. Nenda TANESCO kwanza, pita na SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mbeya na Iringa, uulize bei na nani anatengeneza ikifa katikati ya msimu. Na kama jirani anayo inalala mchana, kodi mwezi mmoja uone.